Kanuni Moja, Sentensi Mia Mbili

Anayetengeneza programu ya Kiswahili ya kuandikisha vitabu huanza hivi: "Kitabu kimeongezwa", "Vitabu vimeongezwa", "Picha imefutwa", "Majina yamefutwa". Nomino 20, vitenzi 5, umoja na wingi: tayari sentensi 200, zote za kuandikwa kwa mkono. Waandishi wa programu huikimbia kazi ya namna hii. Wanaotumia Java, kwa mfano, wana Lombok, maktaba saidizi ya msimbo: wanaweka alama moja, nayo inazalisha mistari ambayo wangeirudia katika kila faili.

Kwa sentensi, Kifaransa hujiokoa kwa mabano: "ajouté(e)(s)". Kiswahili hakiwezi. Upatanisho wetu uko mwanzoni mwa kitenzi, na viambishi ni vingi. Gettext, chombo kinachotumiwa sana kutafsiri programu, kinajua umoja na wingi, ngeli hakizijui.

Maoni yangu ni kwamba maktaba saidizi ya ngeli inahitajika, na kiini chake ni kazi yetu sisi watu wa lugha. Vinatakiwa vitu vitatu: orodha ya nomino, kila moja na ngeli yake, mashina ya vitenzi, na jedwali moja la viambishi. Mtengenezaji akiachwa peke yake, ataiambia mashine ikisie ngeli kwa silabi ya kwanza, nayo itaandika "Kiongozi kimeongezwa". Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kiongozi, kipofu na daktari ni watu, nao huchukua a- na wa-. Mashine haijui mpaka aambiwe mwenye kuiandika.

Wengine watasema: kosa likiingia katika jedwali, sentensi zote zitaharibika. Ni kweli. Lakini kosa hilo huonekana upesi, na husahihishwa mahali pamoja. Makosa yaliyotawanyika katika sentensi 200 hukaa miaka bila kuguswa.

Kuna na jambo linalotuhusu sisi wa Katanga. Nyumbani tunasema "batoto" na "bitabu". Darasani tunaandika "watoto" na "vitabu". Katika kompyuta Kiswahili cha Kongo tayari kina alama yake, sw-CD. Kanuni ikikaa mahali pamoja, jedwali la pili linaweza kuwekwa kando ya la kwanza, na mtumiaji akachagua. Zikiwa ni sentensi zilizoandikwa moja moja, nani atazirudia zote kwa ajili ya Likasi? Tutaendelea kubonyeza vitufe vya Kifaransa, ingawa Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa.

Kwa hiyo naomba walimu wetu wakubali jedwali la ngeli, lililojaribiwa pamoja na wenzetu wa informatiki, kuwa kazi halali ya kumaliza masomo. Sarufi hiyo tunaisoma kila mwaka. Sasa ipewe kazi.