Mkunazini Si Matembezi

Mwalimu wa Keroka atakayewapeleka wanafunzi Unguja asikate tiketi za Mkunazini kabla hajawafundisha tarehe. Nauli hiyo ni jasho la wazazi waliouza ndizi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo Kanisa Kuu la Anglikana likaanza kujengwa papo hapo. Dhuluma yenyewe haina shaka. Lakini vile vyumba vya chini ya ardhi, ambamo wageni huambiwa kuwa watumwa walifungiwa, viko chini ya jengo la misheni lililo kando, na wapo wanahistoria washikiliao kuwa vilijengwa baada ya soko kufungwa. Sisemi wasishuke! Washuke, wainame, kisha wamuulize mwongozaji: mwajuaje? Akikosa jibu, hilo nalo waliandike daftarini.