FIREFOX INA INJINI YAKE YENYEWE



Kuna wanaosema eti vivinjari vya intaneti vyote ni sawa tu. Si kweli! Opera iliacha injini yake mwaka 2013, Edge nayo ikafuata mwaka 2020. Zote sasa zinatumia injini moja na Chrome ya Google. Firefox imekataa. Novemba 2017 ilitoka na sura mpya, na injini yake yenyewe ikaongezwa kasi. Watasema Mozilla, wenye Firefox, nao hulipwa na Google. Sawa, lakini injini hawajaiacha. Mashine ya kusaga ikibaki moja kijijini, mwenyewe ndiye anapanga bei. Basi sisi tunasema: kompyuta ya ushirika iwekwe Firefox. Anayebisha aje mkutanoni atueleze.