Nipe Stori ya Basi la Mandera, Poster Kaa Nayo

Kutoka Kileleshwa hadi 14 Riverside si mbali, unaweza tembea. Januari 15, 2019, watu 21 waliuawa pale DusitD2, na kati ya washambuliaji alikuwa Ali Salim Gichunge, Mkenya, kijana wa hapa hapa, mtoto wa mwanajeshi. Miaka minne kabla, Garissa, watu 148 waliuawa chuoni. Mmoja wa wauaji alikuwa amesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Babake chifu Mandera, tena alikuwa ameripoti kwamba kijana wake amepotea.

Sasa wasee, niambieni. Mtu amemaliza digrii ya sheria, baba ni serikali. Unadhani alikosa poster?

Nauliza kwa sababu nimewahi kuletewa kazi ya video ya dakika moja kuhusu itikadi kali. Skripti ilikuwa tayari: "Vijana, tukatae misimamo mikali, tuchague amani." Halafu natabasamu, naonyesha dole. Mimi niliacha chuo, doo sikatai ovyo ovyo, lakini hiyo nilirudisha. Hakuna mtu anaamka asubuhi akijiita "vijana". Unaamka ukiwa wewe, huna kazi, umegombana na mzee, na polisi walikusimamisha jana usiku wakakutoa mia mbili. Yule anayesajili watu anajua hivyo vitu vyote. Anakuja inboksi, anakuita kaka, anakuuliza umekula. Halafu anakupa stori, na ndani ya hiyo stori shujaa ni wewe. Utamshinda aje na dole?

Stori hushindwa na stori. Na sisi Wakenya tunayo moja kali sana, sijui kwa nini tunaiweka chini ya kitanda.

Novemba 2014, Al-Shabaab walisimamisha basi Mandera, wakatenga abiria wasio Waislamu, wakaua 28. Kila mtu anayetumia hiyo barabara alijua. Desemba 21, 2015, basi lingine likasimamishwa, amri ni ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Abiria Waislamu wakakataa. Walikuwa wamewapa Wakristo mavazi yao wajifunike, na wakawaambia wale jamaa waue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa kutengwa na wenzake. Alifariki Nairobi karibu mwezi mmoja baadaye.

Ebu fikiria hiyo dakika. Unajua kilichofanyika mwaka uliopita, bunduki iko usoni, na mlango wa kuokoka umefunguliwa, ni kwako tu. Hakuna aliyewaandikia skripti. Ndiyo maana inauma wale jamaa: wanadai wanapigania Waislamu, na Waislamu wenyewe, uso kwa uso, wamewaambia hapana. Hiyo serikali haiwezi kusema kwa niaba ya mtu.

Kuna filamu fupi ya hiyo siku, *Watu Wote*, ya 2017, iliteuliwa kwa Oscar. Ilitengenezwa na wanafunzi wa shule ya filamu Hamburg. Wajerumani! Na sisi tuko hapa na simu za elfu themanini tukifanya changamoto za kucheza. (Napenda kucheza, msinishambulie kwa komenti.)

Lakini stori hata ikiwa tamu namna gani, kuna kitu kinaiua. Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh, wakakamata maelfu ya watu, wengi Wasomali, wakawafungia Kasarani. Uwanja wa mpira! Yule msajili alikuwa anasema "hii nchi haikutaki", halafu nchi ikamtengenezea video bure. Serikali ilizindua mkakati wake wa kupambana na misimamo mikali Septemba 2016, sawa, lakini dogo wa Eastleigh hasomi mkakati. Anasoma vile afisa anamshika kola. Kwa hivyo ukinilipa niseme "Kenya ni yetu sote" na kesho yake kuna msako wa majina, umenifanya mwongo mbele ya watu wangu.

Hii nitaifanya bila kulipwa na mtu. Kama mtaani kwenu, Majengo, Eastleigh, Likoni, popote, kuna mama aliyemfuata kijana wake akamrudisha, au imamu aliyemfukuza msajili msikitini, na yuko tayari kuongea, hata kwa sauti tu bila sura, niandikie. Nakuja na simu yangu na bando yangu. Skripti hakuna, ataongea vile anaongea.