Sehemu ya 4: Simu mpya isiyo na tundu

Mama zangu, leo siongelei uji wala chanjo. Naongelea lile tundu dogo la mviringo la kuchomekea hedifoni. Simu nyingi mpya hazina tena, na tunaambiwa eti ndiyo maendeleo.

Juzi mama mmoja wa huku Vuga, mzazi wa siku mbili, kaletewa simu mpya na mume wake anayefanya kazi mjini. Nzuri, inang'aa. Akaniita kitandani: "Nesi, redio iko wapi?" Simu yake ya zamani alikuwa anachomeka waya, anasikiliza taarifa ya habari huku ananyonyesha. Hii haina pa kuchomeka. Baadaye mume akamtumia ujumbe wa sauti, akaufungua, mambo yao ya ndani wodi nzima tukayasikia. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka.

Wengi hamjui kwamba ule waya si wa masikioni tu, ndio antena yenyewe. Mawimbi ya FM yana urefu wa kama mita 3 hivi. Simu ni ndogo, haina nafasi ya antena ya kuyanasa vizuri, ndiyo maana ukifungua redio bila waya inakwambia chomeka kwanza. Ukiziba tundu, kwa simu nyingi umeua redio. Watakujibu sikiliza kwa intaneti. Kwa bando la nani? Redio ya waya hailambi bando hata chembe. Na masika haya ya milimani, udongo ukiporomoka barabara ya Mombo kwenda Soni, unataka usikie kabla hujampakia mtoto mgonjwa kwenye bodaboda.

Apple hawakuwa wa kwanza, ila iPhone 7 ya Septemba 2016 ndiyo iliyowafungulia wengine mlango. Bosi wao wa masoko akapanda jukwaani akasema sababu ni ujasiri. Ujasiri! Siku ileile wakatangaza AirPods zisizo na waya, dola 159. Samsung wakawacheka kwenye matangazo, halafu 2019 nao wakaliondoa kwenye Note 10. Tundu limeondoka, bidhaa imeingia, anayelipa ni wewe.

Na hizo zisizo na waya, hapa naongea kama nesi. Kipande kimoja kikidondoka, mtoto anayetambaa anakiona kabla yako. Ndani kuna betri, na zile za bei chee hupasuka kirahisi. Betri ya kifungo ikikwama kwenye njia ya chakula inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukishuku kameza, usimtapishe, usisubiri aitoe chooni. Kimbia hospitali.

Waya nao si malaika, jamani. Usiuache kitandani kwa mtoto, unaweza kumzunguka shingo. Lakini waya unauona, unauning'iniza msumarini, yameisha.

Akina baba mnaosoma kimyakimya, hili ni lenu. Kabla hujamnunulia mwenzio zawadi, nenda dukani na hedifoni mfukoni. Simu nyingi za bei nafuu bado zina tundu. Chomeka, fungua redio palepale, sikiliza. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Kesho sehemu ya 5: homa ya usiku, lini usubiri asubuhi na lini usisubiri.