Hedifoni za Plana ni Kali, Ila Sikio Lako Kwanza!

Wadau, kuna mastaa (majina kapuni) wanazipigia debe hedifoni za plana utadhani zinatibu. Kweli, sauti yake ni safi: badala ya koili kusukuma koni, utando mwembamba wenye njia za umeme unatikisika wote katikati ya sumaku. Weka wimbo wa Tabora Jazz, utasikia kila gitaa kivyake.

Ila sasa panda treni ya Tabora–Kigoma, ile reli iliyorithi njia ya misafara ya Ujiji. Vimpira visipokaa sawa sikioni, besi inapotea, kelele za reli zinaingia, nawe unazidi kupandisha sauti. Hatari ipo hapo: Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki. Halafu nyingi zina umbo kubwa. Sikio dogo litauma kabla hujafika Urambo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, jaribu vimpira saizi zote. Besi ikijaa kwa sauti ya chini, beba. Isipojaa, iache dukani hata kama staa kaivaa. Masikio hayana spea! Wewe unazipa ngapi kwa kumi?