Bastola kiunoni mwa askari: mkoba unalinda nini, na haulindi nini?

Tarehe 20 Julai 2025, askari wa Jeshi la Anga la Marekani mwenye umri wa miaka 21 alikufa kwa risasi akiwa kazini katika kambi ya F.E. Warren, jimboni Wyoming. Kambi hiyo ni mojawapo ya zile zenye makombora ya nyuklia. Habari za mwanzo zilizoenea zilidai kwamba bastola aina ya M18 ilifyatuka yenyewe ikiwa ndani ya mkoba wake. Kesho yake, kamandi inayosimamia makombora hayo ilisimamisha matumizi ya bastola hiyo, na walinzi wakaamriwa kubeba bunduki.

Mwezi Agosti mambo yakageuka. Jeshi la Anga lilitangaza kwamba askari mwingine amekamatwa kwa tuhuma za kuua bila kukusudia, kuzuia haki isitendeke na kutoa maelezo ya uongo. Tuhuma si hukumu, lakini swali lilibadilika. Mwanzoni watu waliuliza bastola ina ubovu gani. Sasa wakauliza nani aliishika, na alikuwa anafanya nini nayo.

Baadhi yenu wasikilizaji mmetuuliza: je, bastola inaweza kufyatuka ikiwa imelala tu kiunoni? Swali hili linatuhusu hata sisi tulio mbali na Wyoming. Askari mwenye bastola tunapishana naye benki, mnadani na kwenye vizuizi vya barabarani. Wengine tuna watoto na ndugu jeshini. Kwa hiyo leo tunaeleza kazi ya mkoba wa bastola, na mahali kazi hiyo inapoishia.

Mkoba ni kama ala ya sime

Mfugaji hatembei na sime tupu kiunoni. Sime lina ala yake, na ala ya sime fupi haifai kwa sime refu. Bastola nayo ni hivyo hivyo. Mkoba mzuri una kazi nne.

Kazi ya kwanza ni kufunika kifyatulio, yaani kile kichuma kinachovutwa na kidole ili risasi itoke. Kikifunikwa vizuri na kitu kigumu, hakuna kidole, kamba wala kijiti kitakachokigusa.

Kazi ya pili ni kuishikilia bastola isidondoke askari anapokimbia, na isinyakuliwe na mtu mwingine katika purukushani. Mikoba mingi ya kijeshi ina kufuli dogo linalofunguliwa kwa kidole gumba.

Kazi ya tatu ni kumwezesha askari kuitoa bastola haraka kwa mkono mmoja, bila kuangalia chini.

Kazi ya nne ni kukaa mahali pamoja. Mkoba unaozunguka kiunoni au kupanda na kushuka ni hatari, hata kama uligharimu pesa nyingi.

Zamani wanajeshi wengi walivaa mkoba wa ngozi wenye kifuniko kikubwa. Ulizuia vumbi na mvua, lakini ulichelewesha mkono, na ngozi ikilowa na kuzeeka hulegea. Mdomo wa mkoba uliolegea unaweza kujikunja kuelekea ndani na kusukuma kifyatulio wakati bastola inarudishwa. Ndiyo sababu siku hizi majeshi mengi yanapendelea plastiki ngumu isiyobadilika umbo.

Kuchagua: bastola hii, mkoba huu

Kanuni ya kwanza ni kwamba mkoba uwe umetengenezwa kwa bastola ileile. Ukitumia mkoba wa bastola nyingine kwa sababu "inaingia", kufuli linaweza lisishike, au kifyatulio kikabaki wazi upande mmoja.

Tochi nayo hubadilisha hesabu. Bastola nyingi za kazi hufungwa tochi chini ya mtutu, kwa hiyo mkoba wake hutengenezwa ukiwa mpana zaidi. Upana huo unaweza kuacha upenyo karibu na kifyatulio, na kitu chembamba kikapita. Askari anayebeba bastola ya namna hiyo hana budi kuukagua upenyo huo kabla ya zamu.

Kitufe cha kufungulia nacho ni muhimu. Kuna mikoba ambayo kitufe chake hubonyezwa kwa kidole cha shahada, kidole kilekile kinachovuta kifyatulio. Mtu akiwa na haraka, kidole kinachoendelea kubonyeza bastola inapotoka kinaweza kutua moja kwa moja kwenye kifyatulio. Baadhi ya vyuo vya mafunzo ya polisi nchini Marekani vimeipiga marufuku mikoba hiyo.

Kuvaa: kiunoni, pajani au kifuani

Kiunoni, upande wa mkono wenye nguvu, ndiko mahali pa kawaida. Panahitaji mkanda mgumu na mpana, maana mkanda laini huuacha mkoba ukining'inia. Askari aliyevaa fulana nzito ya kuzuia risasi huona fulana inamzuia kuifikia bastola, ndipo mkoba hushushwa kidogo kuelekea pajani. Ukishuka mno karibu na goti, hupigapiga mguu wakati wa kukimbia.

Madereva na marubani wengine huvaa kifuani, kwa sababu kiunoni mkanda wa kiti unawabana. Lakini huko mtutu unaweza kumwelekea aliyekaa kando, kwa hiyo mazoezi yanahitajika zaidi.

Hatari kubwa ni wakati wa kurudisha

Kurudisha bastola kwenye mkoba ndiyo hatua yenye hatari kubwa. Kamba ya koti, ncha ya shati au kidole kilichosahaulika vinaweza kuingia pamoja nayo. Mkoba ukishika kitu hicho na mkono ukaendelea kusukuma, risasi hutoka, na mara nyingi huishia pajani au mguuni mwa mwenyewe. Kwa hiyo askari hufundishwa kutoa bastola haraka na kuirudisha polepole. Kidole kinyooke nje, macho yaangalie mdomo wa mkoba, na mkono ukihisi kizuizi, usimame.

Akienda msalani au kulala, ni salama zaidi kuvua mkoba pamoja na bastola yake ndani kuliko kuichomoa na kuiweka mezani. Na kambini, mahali pa kutolea risasi huwa na pipa la mchanga: mtutu unaelekezwa humo, ili ikitokea bahati mbaya, risasi iishie mchangani.

Basi kosa ni la nani?

Hapa tusikimbilie jibu moja. Bastola ya M18 ni ndugu wa P320 ya kampuni ya SIG Sauer, inayouzwa kwa raia na polisi. Mwaka 2024 mabaraza ya mahakama huko Georgia na Pennsylvania yaliamua walalamikaji waliojeruhiwa na P320 walipwe fidia. Kampuni inasisitiza kwamba bastola yake haifyatuki bila kifyatulio kuvutwa. Jeshi la Anga nalo lilikagua bastola karibu 8,000, likakuta 191 zenye kasoro, hasa vipuri vilivyochakaa. Mwishoni mwa Agosti kamandi ile ikairudisha M18 kazini.

Kwa maoni yetu, funzo liko pande zote mbili. Vyombo huchakaa, kwa hiyo vikaguliwe kabla havijaua. Lakini maneno "imefyatuka yenyewe" yasipokelewe kabla ya uchunguzi, kwa sababu yanaweza kumficha mtu aliyechezea silaha. Familia ya marehemu inastahili ukweli, na askari mwenzake anayevaa bastola hiyohiyo kesho asubuhi anauhitaji pia.

Mkoba mzuri unaizuia ajali ya kamba, ya kudondoka na ya kunyang'anywa. Haumzuii mtu aliyeamua kuitoa bastola kwa mzaha. Huyo huzuiwa na mafunzo, na kiongozi wa zamu asiyefumba macho.