Hesabu pedali kwanza, ubao baadaye

Leo naomba wapenzi wagombane wenyewe, sisi tuongee na masela wapiga gitaa. Na wewe ambaye hupigi usiruke ukurasa. Huenda shemeji yako ni mpiga solo, na hujui kwa nini hela ya sikukuu kila mwaka inaishia kwenye nyaya.

Mimi yalinikuta Jumamosi moja kwenye harusi, Sinza. Bendi fulani iliniita nizibe pengo la mpiga solo wao aliyesafiri. Kiongozi wao akanipa ukweli: "Dogo, ukifanya vizuri unabaki." Nikatua ukumbini na pedali zangu nne kwenye begi la mgongoni. Nikazimwaga chini, nikaunganisha, sauti ikatoka safi.

Basi maharusi wanaingia, watu wamesimama, wimbo umefika kwenye solo. Nikakanyaga distosheni. Loo! Pedali ikateleza kwenye vigae kama sabuni, ikang'oa waya, gitaa likawa bubu. Nikainama kupapasa kama mtu aliyedondosha shilingi, kamera ya video inanimulika kisogoni. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini hawakusema ainame mbele ya bibi harusi!

Kiongozi hakunifokea. Alisema tu, "Vidole unavyo, dogo, ila vyombo vyako havijakaa kikazi. Nitakuita tena mwezi ujao." Nikawa na wiki nne za kujipanga.

Kesho yake nikakimbilia Kariakoo. Nikaona ubao wa pedali wa alumini, mkubwa, unang'aa, na begi lake juu. Bei yake ilikuwa kodi yangu ya miezi miwili, na nilikuwa tayari kulala nje. Aliyeniokoa ni mshikaji wangu anayepiga bezi kanisani. "Unanunua kitanda hata hujui mnalala wangapi?" akaniuliza. Tukarudi nyumbani, tukachukua rula na gazeti la zamani, tukapanga pedali juu yake.

Hesabu ilikwenda hivi. Pedali ndogo za Boss, zile zinazofanana na DS-1 iliyotoka mwaka 1978 (umri sawa na Mlimani Park!), zina upana wa kama sentimita 7.3 kila moja. Nne ni sentimita 29.2. Katikati acha sentimita 3 za vichwa vya nyaya, tena vile bapa, maana vile virefu vinakula nafasi bure. Mapengo matatu ni 9. Nilikuwa naota kununua wawa siku moja, ambayo ina upana wa kama 10 na urefu wa kama 25, nayo nikaitengea sehemu yake na pengo lake. Ongeza sentimita 4 kila pembeni. Jumla haikufika hata 60! Ule wa Kariakoo ungebaki nusu uwanja wa mpira.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: chukua ubao wa pedali ulizonazo, jumlisha moja unayoitaka kweli. Ukiacha nafasi kumi, utanunua kumi, na mwenye nyumba hapokei dilei. Mwenye pedali moja au mbili hahitaji ubao kabisa. Na anayetumia lile boksi moja lenye sauti zote ndani, aendelee kula raha zake.

Pili, uzito. Pedali moja ndogo ina kama gramu 400. Jumlisha ubao, umeme, nyaya na gitaa lenyewe, halafu fikiria daladala la saa kumi na mbili jioni. Usichague ubao usioweza kuubeba kwa mkono mmoja.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanalia, ni umeme. Pedali nyingi hutumia volti 9, hasi ikiwa katikati ya tundu na chanya nje. Adapta nyingine za mitaani zimegeuzwa, kwa hiyo soma kile kialama kabla hujachomeka. Volti zikizidi unaunguza. Miliampia zikizidi hazidhuru, kwa sababu pedali huvuta inachohitaji tu, ila zikipungua inagoma au inakoroma. Distosheni ya kawaida hula kidogo sana, dilei ya dijitali hula mara nyingi zaidi. Zangu nne zilifika kama miliampia 170. Ukizilisha zote kwa adapta moja yenye mkia wa matawi inaweza kukubali, lakini dijitali ikiingia humo mara nyingi unasikia mlio wa nyuki. Dawa ni kile kisanduku ambacho kila tundu linajitegemea. Hela niliyookoa kwenye ubao niliitumbukiza hapo, na sijajuta.

Ubao wenyewe nilichongewa na fundi seremala wa mtaani: plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 30, nyuma imeinuliwa ili kisanduku cha umeme kijifiche chini. Pima kimo chake kabla fundi hajapiga msumari. Tukatoboa tundu la mkono na mpasuo wa nyaya, tukagandisha vipande vya tyubu ya baiskeli chini visiteleze. Juu tukabandika ule mkanda wa kunata kama wa raba za watoto. Upande laini unakaa ubaoni, upande wenye vijino chini ya pedali.

Mpangilio ni kuanzia kwenye gitaa: tyuna, distosheni, korasi, mwisho dilei. Wawa ikija itakaa mbele ya distosheni. Si sheria ya Musa, lakini anzia hapo, halafu sikiliza masikio yako.

Mwezi ukafika, simu ikaita. Safari hii ilikuwa Mwananyamala. Nikatua ubao chini, waya mmoja wa umeme, mmoja wa gitaa, mmoja wa kwenda kwenye spika. Dakika mbili tu! Solo ikafika, nikakanyaga kwa hasira zote za Sinza. Ubao haukusogea hata unywele. Kiongozi hakugeuka kunitazama. Alipomaliza kufunga vyombo akasema, "Dogo, Ijumaa saa nane mazoezi. Usichelewe."

Haya, kazi kwenu masela. Wawa bado sijanunua, na sehemu yake naitumia kuwekea chupa ya maji. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.